Cheti cha Kuazima

Yaya alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya bafu, anasugua ukungu kati ya vigae kwa mswaki mkuukuu, Mama Pacha alipokuja kusimama mlangoni na kumwambia kwamba na yeye atapanda ndege. Dawa ya kusafishia ilikuwa imeshamla ncha za vidole, na mvuke wake ulimtoa machozi, kwa hiyo alimwona bosi wake nusunusu tu, gauni la nyumbani na kikombe cha kahawa mkononi.

"Umenisikia? Nimesema na wewe unaenda."

"Wapi, mama?"

"Likizo. Ng'ambo. Pacha wameng'ang'ania theluji, na baba yao akishaombwa kitu na wale hana kauli. Sasa unadhani mimi nitoke hapa niende nchi za watu nikaoshe watoto? Likizo ni likizo. Kesho lete cheti chako cha kuzaliwa tukakutafutie pasipoti." Akanywa fundo la kahawa. "Mbona umenuna? Wenzako wanalilia nafasi kama hii."

"Sijanuna, mama. Nimefurahi."

"Basi onyesha meno."

Yaya akaonyesha meno. Mama Pacha alipoondoka aliendelea kusugua kigae kile kile kilichokwisha kutakata. Cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Kilikuwa kimeshasafiri.

Kwao cheti kilikuwa kimoja tu nyumba nzima. Baba yao, fundi baiskeli, alikihangaikia cha mtoto wa kwanza kwa ile mbwembwe ya mwenye mtoto wa kwanza. Wa pili alipozaliwa alikuwa ameshachoshwa na njoo kesho za maofisini, na haukupita muda akafa. Cheti hicho kikamwandikisha Yaya shule. Mdogo wake naye alipofika umri wa kusoma, mama yao akakitoa tena chini ya godoro, na mwalimu akakipokea na kukirudisha bila hata kusoma jina. Basi ndani ya nyumba ile kikawa kama sweta la shule, mkubwa akilivua mdogo analivaa, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Mdogo mwenyewe majirani walimwita Kasuku, kwa ajili ya mdomo. Alisema akila, akasema akifua, na hata usingizini alikuwa na lake la kuongeza. Wakala wa kupeleka wasichana kufanya kazi za ndani nchi za nje alipofika mtaani kwao, Kasuku ndiye aliyeuliza maswali mengi kuliko wote, na ndiye pekee ambaye hakuwa ametimiza umri unaotakiwa. Wakala alikuwa mtu wa sauti laini na marashi. Hakumkatalia. Aliuliza tu kama nyumba hiyo hakuna cheti cha mtu mkubwa kidogo. Mama akainua godoro. Wakala akakisoma, akamtazama Kasuku, akacheka kwa furaha ya kweli.

"Hiki kinatosha kabisa. Damu si ile ile?"

Yaya aliulizwa kwa simu. Alisema mpeni, mimi kwa kusugua vyoo vya watu cheti cha nini. Alisema kwa moyo mweupe, akacheka, na Kasuku upande wa pili akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Mwanzoni Kasuku alipiga kila siku. Alisimulia jiko lenye milango ya kioo, akasimulia bibi mwenye nyumba anayevaa glavu kugusa matunda. Baadaye akawa anapiga mara mojamoja, halafu akatuma ujumbe wa sauti mmoja, mfupi, wa kunong'ona: "Dada, nikipiga usiongee kwa nguvu. Nina la kukwambia." Hakupiga. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wahenga walisema, na mama yao aliijua methali hiyo vizuri na ndiyo maana hakuitamka. Kila jioni alikwenda dukani kuichaji simu, asije mwanawe akapiga akaikuta imezima.

Kwenda kuuliza serikalini hawakuweza. Ungeingia, ungesema mtoto wangu amepotea ng'ambo, na swali la kwanza lingekuwa jina. Wangesema jina gani? Wakitaja la Kasuku, hakuna Kasuku aliyevuka mpaka. Wakitaja lililovuka, mwenyewe yuko mjini anapiga deki. Kwa hiyo mama na mwana walikaa na hofu yao ndani, wakaivumilia kama mtu anavyovumilia jino.

"Cheti kimepotea, mama," Yaya alisema asubuhi iliyofuata, akiwafunga pacha viatu.

"Kupotea kitu gani! Karatasi tu ile."

Na kweli kwa Mama Pacha ilikuwa karatasi tu. Alipiga simu mbili akiwa anapakwa rangi ya kucha, na wiki haikuisha kabla nakala mpya haijafika, muhuri wake bado unanuka wino. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Aliisoma kwa sauti sebuleni, akafika kwenye jina, akainua nyusi.

"Kumbe una jina zuri hivi? Sikuwahi kulijua."

Yaya aliipokea kwa mikono miwili. Hofu ilikuwepo tangu siku ya bafu. Lakini kulikuwa na kitu kingine pia, ambacho alikuwa anakificha hata kwa mama yake. Ofisi iliyompa Kasuku pasipoti ndiyo hiyo hiyo anayopelekwa. Pengine wanajua aliko. Pengine mtu akikaa mbele ya ile mashine yao, mashine itasema yenyewe bila kuulizwa: huyu yuko mji fulani, nyumba fulani, mzima. Mawazo ya kitoto, na aliyashika kwa nguvu kwa sababu hakuwa na mengine. Mama Pacha angeweza kuambiwa ukweli, ndiyo. Ila Mama Pacha alikuwa mtu wa kufukuza mpishi kwa sababu ya chumvi.

Jumapili, nusu siku yake ya kupumua, alikwenda kumtafuta wakala. Pale ofisini kwake, palipokuwa na bango la ndege inayopaa, sasa palining'inia nywele za bandia. Msichana wa dukani hakuinua macho kutoka kwenye simu.

"Habari, mdogo wangu. Namtafuta wakala aliyekuwa hapa."

"Wewe ni mama au dada?"

"Wa nani?"

"Wa aliyekwenda. Wanaokuja hapa ni mama au dada. Kina baba huwa hawaji."

"Dada."

"Amehama. Hata mwenye jengo anamtafuta." Ndipo akamtazama, na sauti ikapungua ukali. "Kaa basi unywe maji. Mnakuja wote mmekauka midomo."

Yaya alishukuru, hakukaa. Kwenye kivuli cha ukuta wa jirani alibonyeza namba ya wakala kwa mazoea tu, kama alivyoibonyeza mara nyingi bila kupokelewa, na siku hiyo ikapokelewa.

"Aa, dada mkubwa! Nilikuwa natafuta nafasi nikupigie. Juzi tu nimeongea na mwajiri wake. Walihamia mji mwingine, mtandao huko ni wa shida. Mzima wa afya! Kanenepa, mtamsahau. Anawasalimu sana."

Kabla hajauliza la pili simu ikakatika. Alimpigia mama yake palepale akampa salamu kama zilivyo, na mama yake akacheka, akasema mtoto yule akinenepa atapasuka na yale maneno yote. Alicheka kweli. Yaya alirudi kazini na kicheko hicho masikioni, akajilazimisha kukiamini.

Ofisi ya pasipoti ilikuwa na foleni iliyotoka nje ikakunja kona. Kwa Mama Pacha kulikuwa na mlango wa ubavuni. Walipokuwa wanaingia, mzee mmoja aliyebeba bahasha kubwa kifuani akauliza hewani, "Sisi wengine tumepandwa hapa?" Watu wakacheka cheko la waliosimama tangu alfajiri. Mama Pacha hakugeuka. Mkuu wa ofisi alikuwa amesoma na mume wake, na alimpokea kwa mikono yote miwili.

"Shemeji! Theluji tena? Mtaganda huko!"

"Acha tu. Watoto wa siku hizi."

Yaya akakalishwa mbele ya mashine. Msichana wa mashine, mwenye ubani mdomoni, akamwelekeza aweke vidole kwenye kioo. Kioo kikakataa. Akafutwa kwa kitambaa, akapakwa mafuta, akaambiwa bonyeza, achia, bonyeza tena. Dawa za bafuni zilikuwa zimemlamba mistari ya vidole mpaka imekuwa haba. Mwishoni mashine ikalia, imeridhika, na msichana akaanza kuandika jina. Alipomaliza kuliandika aliacha kutafuna.

"Umewahi kuomba pasipoti?"

"Hapana."

"Hujawahi kusafiri nje?"

"Hapana, dada."

Msichana akaigeuza skrini upande wake. Akasoma muda mrefu. Kisha akaondoka, akaingia kwa Mkuu na kufunga mlango.

"Hawa nao," Mama Pacha alisema, akitazama saa. "Nina miadi ya saluni."

Walipoitwa ndani, Mkuu hakusema shemeji. Kiti cha wageni kilikuwa kimoja na Mama Pacha akakikalia. Mashine ya ubaridi ilivuma juu ya kabati. Mezani palikuwa na karatasi iliyotoka kwenye printa wakati huo huo, na picha juu yake: Kasuku, nywele zimebanwa nyuma, mdomo umefungwa kwa amri ya mpiga picha. Yaya hakukumbuka kuwahi kumwona mdomo ukiwa umefungwa hivyo. Chini ya picha palikuwa na saini ya ofisa aliyeidhinisha, na Mkuu akaweka kiganja juu ya saini hiyo kama anayezuia karatasi isipeperuke, ingawa madirisha yote yalikuwa yamefungwa.

"Huyu binti mlimtoa wapi?"

"Ni yaya wangu, nimekaa naye muda. Kwani kuna nini?"

"Kwa jina hili, tarehe hii, wazazi hawa hawa, ilishatolewa pasipoti na ikasafiri." Sasa ndipo alipomtazama Yaya. "Na mwenye pasipoti hiyo amefariki."

Yaya alilisikia neno la mwisho lakini halikumwingia. Aliendelea kumtazama Mkuu mdomoni, akisubiri amalizie.

"Amefariki vipi na huyu hapa?" Mama Pacha akauliza.

"Ndilo ninalouliza na mimi."

"Kwa hiyo haitapatikana kabla ya safari?"

"Haitapatikana kabisa, shemeji."

Mama Pacha alisimama. Alikusanya faili lake la plastiki lenye pasipoti za familia na picha za pacha wenye nyuso za kununa. "Mimi sijui lolote. Nimeleta mfanyakazi, na cheti kimetoka serikalini. Naomba jina langu lisiingie humu."

"Halitaingia."

"Wewe utarudi mwenyewe, eh?" alimwambia Yaya bila kumtazama, na viatu vyake vikasikika mpaka mwisho wa korido.

"Kaa," Mkuu alisema. Kiti kilikuwa bado na joto la Mama Pacha. "Ni nani aliyesafiri?"

"Mdogo wangu."

"Mkampa cheti chako."

"Ndiyo."

"Nguo ya kuazima haisitiri matako. Hamkufundishwa?"

"Amekufa lini?"

Mkuu akaupindua ukurasa, akautaja mwezi. Yaya akaurudia mwezi huo kwa midomo tu. Ulikuwa nyuma sana. Ulikuwa kabla ya msichana wa duka la nywele za bandia, kabla ya kanenepa mtamsahau, kabla ya kicheko cha mama yake. Jioni zote zile za kuchaji simu, Kasuku alikuwa ameshakufa.

"Amekufa na nini?"

"Imeandikwa ameanguka."

"Wapi?"

"Dirishani. Akifanya usafi."

"Dirisha la ghorofa ya ngapi?"

"Haikuandikwa."

"Ameangukaje, mzee? Nani alikuwepo?"

"Binti, nimekusomea kilichoandikwa."

Hapo ndipo lilipompata. Alilia kwa kuziba mdomo, kwa sababu ukuta ulikuwa wa mbao na nyuma yake kulikuwa na foleni ya watu wanaongoja pasipoti zao. Alijichukia kwa kile kicheko chake cha mpeni, cheti cha nini. Mkuu alimsogezea karatasi ya chooni iliyokuwa juu ya kabati, na tumpe haki yake, alifanya hivyo kwa upole.

"Yuko wapi sasa?"

"Kwenye friji la hospitali, huko huko. Waliandika ndugu hawapatikani. Namba ya ndugu iliyoachwa ni ya wakala, na wakala hapokei."

"Kwangu alipokea."

Mkuu aliitoa ile karatasi yenye picha, akaiingiza chini ya nyingine, akajiegemeza.

"Sikiliza nikusaidie. Njia ni mbili. Ya kwanza, useme wewe ndiye mwenye jina. Haya. Basi wewe na mama yako mna kosa, mtaliitikia mahakamani, na aliye kwenye friji anakuwa hana jina, hana kwao, hana nchi. Nchi haipokei mwili usio wake. Watamfukia huko na namba. Ya pili, mwenye jina amefariki. Mama yake mzazi anaomba mwili, mimi nasukuma simu, na muda si mrefu mtoto yuko nyumbani."

"Na mimi?"

"Wewe nani?"

"Mimi."

"Wewe hukuja hapa leo."

Alivuta ile nakala ya cheti kwa kidole kimoja, akaitia kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Yaya aliutazama ufunguo ukiingia mfukoni.

"Nikiugua nitasema mimi ni nani? Nikitafuta kazi? Nikizaa?"

"Baadaye utaomba upya. Jina jingine."

"Nichukue la mdogo wangu?"

"Chukueni. Nyinyi si mna mazoea ya kuazimana?" Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Sitaki kukudanganya. Vidole vyako vimeingia asubuhi hii kwenye jalada la marehemu, na mimi sina kitufe cha kuvitoa. Utakapokwenda kuomba, mashine itakuambia umekufa. Lakini hiyo ni kesho. Leo kampigie mama yako. Mimi nipo mpaka saa ya chakula."

Alipiga kutoka koridoni, uso ameuelekeza ukutani. Habari ya kwanza aliitoa kwa neno moja, na kwa muda mrefu hakusikia kitu isipokuwa kuku wa jirani na pumzi ya mama yake ikipanda na kushuka. Yaya akadhani hakusikia, akarudia.

"Nimesikia, mama," mama yake alisema. Alikuwa na desturi ya kuwaita wanawe mama. "Moyoni nilisikia siku nyingi, sikutaka tu kukuambia."

"Wanataka tuseme ni mimi niliyekufa. Ndipo watamrudisha."

Kuku wakalia.

"Umenisikia, mama? Nikikubali, mimi sipo tena. Sina karatasi, sina chochote."

"Mwanangu," mama yake akasema, na sauti ilikuwa imekauka kabisa, "mzima hakosi pa kulala. Maiti ndiye anayehitaji kwao. Nirudishie mwanangu nimzike."

Yaya alimkasirikia mama yake, hasira kali ambayo hakuwahi kuijua, hasira ya mtoto aliyeona mwenzake anapewa nyama yake. Haikumzuia kurudi ndani. Alisimama mbele ya meza akasema mama amekubali. Mkuu akashukuru.

Alikuta begi lake getini, limefungwa vizuri, na mlinzi amelikalia ili lisipate vumbi. Mama Pacha alitoka hadi kwenye ngazi, nywele mpya kichwani, akasimama hapo.

"Shemeji wa pasipoti amenipigia simu. Pole kwa msiba. Kweli, pole. Lakini jiweke kwenye nafasi yangu. Likitokea jambo hapa ndani, polisi wakaja, niseme nilikuwa naishi na nani?"

"Na mimi, mama."

"Ndiyo shida yenyewe."

Pacha walichungulia kati ya miguu ya mama yao, wamevaa makoti ya manyoya kwenye joto lile, wanatoka jasho kwa raha. "Yaya, huendi kwenye theluji?" mmoja akauliza. Mwingine akajibu kwa niaba ya wote kwamba Yaya haendi, anakwenda yaya wa mama mdogo, ana pasipoti yake tayari. Yaya alimrekebishia wa karibu kola ya koti kwa sababu mikono ilikuwa imezoea, akajitwika begi. Mlinzi alimsindikiza hadi barabarani.

Mwili ulifika kwa upande wa mizigo, nyuma ya uwanja wa ndege, ambako hakuna vioo wala matangazo ya sauti tamu. Mama yao alikuja na pikapu ya jirani, mtandio mweusi umembana kichwa, amekuwa mdogo kuliko Yaya alivyomkumbuka. Walisalimiana kwa kushikana mikono kwa nguvu. Walisimama kwenye kundi la watu wenye haraka zao. Karani wa mizigo, mtu mpole aliyechoka, kalamu sikioni, alikuwa anaita kwa zamu. Aliita mwenye matairi. Aliita mwenye vifaranga, na vifaranga vikatoka kwenye maboksi yao ya matundu vikilia. Aliita mwenye vipuri, akamgombeza kwa kukosa nakala.

Halafu akaita jina. Aliliita lote, la mtu, la baba na la babu, kwa sauti ya kushinda mashine ya kunyanyulia mizigo.

"Abee!" Yaya akaitika, na mguu ukawa umeshatoka mbele.

Watu wakageuka. Karani akamtazama, akaitazama karatasi, akamtazama tena.

"Dada, hili ni jina la marehemu."

Mama yake alipita mbele, akamrudisha nyuma kwa kiwiko, na kiwiko kilimwingia chini ya ziwa kikaumiza.

"Ni mimi, baba. Mama wa marehemu ni mimi."

"Na huyu?"

Mama hakugeuka. "Jirani. Amenisindikiza tu. Msiba umemchanganya."

"Basi jirani abaki nje ya uzio. Ndani ni ndugu wa damu tu."

Yaya akatoka. Askari alimfungia lango la waya na kumwonya asiliegemee. Kutokea hapo aliliona sanduku la mbao mbichi, refu, limetuliwa sakafuni kati ya matairi na nafasi walipokuwa vifaranga. Aliiona lebo iliyobandikwa ubavuni, na kwa umbali ule hakuweza kuisoma, wala hakuwa na haja. Mama yake alipakwa wino akaweka dole gumba pale alipoonyeshwa. Karani akamwachia nafasi, akarudi nyuma hatua mbili na karatasi zake.

Mama akapiga magoti. Akaweka viganja vyote viwili juu ya ubao, akafungua mdomo, na Yaya akaiona herufi ya kwanza ya Kasuku ikianza kuumbika. Karani akainua macho. Mama akaimeza. Akaanza upya, kwa sauti iliyojaa banda zima na kuwafanya hata wapagazi wavue kofia, akamlilia aliyemo ndani kwa lile jina lililoandikwa. Alilirudia mara kwa mara, jina la bintiye mkubwa. Alilisifu kwa uchapakazi. Alililaumu kwa kumwacha mpweke. Aliupiga ubao kwa ngumi akiuliza, mwanangu, nakuita, mbona huniitikii?

Yaya alikuwa ameshika waya kwa vidole vyote. Alimlilia mdogo wake kimya kimya, kadiri jirani anavyoruhusiwa. Jina lake likaitwa tena kutoka ndani, kwa nguvu kuliko mwanzo, na mara hii hakuitika.